Julai, Mwezi wa Kuulizwa

Kombe la Stanley likishakabidhiwa mwezi Juni, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, hufungwa, na mpaka Oktoba shabiki hana mechi ya kutazama. Hubaki na habari za usajili na mawazo yake. Mawazo yangu ya mwaka huu wa 2025 nimeyawazia Munisagara, stesheni ya reli ya kati iliyo mbele ya Kilosa ukiwa unaelekea Dodoma, kwenye bonde la mto Mkondoa. Munisagara ni nyumbani. Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, ndiko ninakofanya kazi, na ndiko nilikojifunza kuupenda mchezo huu. Julai hapa mahindi yameshavunwa, mbaazi zinakauka shambani, mto umepungua. Na kwa bahati njema ligi zetu mbili, ya hoki kule na ya soka huku, hupumzika wakati mmoja. Nikitaka kuzungumza habari za nani kaja na nani kaondoka, sikosi wa kuzungumza naye, maana kuanzia hapa hadi Kilosa mjini, na kutoka Kilosa hadi Mikumi, watu wako kwenye usajili wa Simba na Yanga.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alinitaka nimweleze hoki. Nikamweleza: watu sita kila upande, kipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye bapa la chuma lenye makali chini ya soli, wanasukumana na kupokonyana kwa magongo kisahani cha mpira mgumu cha gramu 170 hivi. Barafu yenyewe si nene. Ni sentimita tatu au karibu yake, imegandishwa juu ya sakafu ya zege iliyolazwa mabomba ya kupoza. Mchezaji hukimbia kwa nguvu zake zote, na kabla dakika haijaisha anatoka akihema, mwenzake anaruka ukuta kuingia mahali pake, mechi ikiendelea. Mpwa wangu aliyapokea hayo yote bila taabu. Kilichomsimamisha ni nilipofika kwenye habari za kubadilishana wachezaji.

"Mjomba," akauliza, "sasa huyo anayepelekwa timu nyingine, anaulizwa?"

Kwa kawaida haulizwi. Kila Juni klabu 32 za NHL hukaa kuchagua vijana wa kuanzia miaka 18 duniani kote, na kijana akichaguliwa, haki ya kumsainisha ndani ya ligi hiyo inakuwa ya klabu iliyomtaja. Akishasaini, mkataba wake unaweza kuhamishiwa mji mwingine asubuhi yoyote ya msimu kabla ya tarehe ya mwisho ya mabadilishano, na jioni anatakiwa awe safarini, isipokuwa kama alipata kipengele cha kumlinda, na wengi hawakipati. Zinapita karibu miaka saba, au anafika umri wa miaka 27, ndipo mkataba ukiisha anakuwa mchezaji huru kamili. Siku ya wachezaji huru ni tarehe 1 Julai. Kwa wengi wao hiyo ndiyo siku ya kwanza tangu walipoingia kwenye ajira hii ambapo mtu anawauliza: unataka kuishi wapi?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba miezi hii haina kitu. Kuanzia Oktoba hadi Aprili kuna mechi 82, kisha mtoano unaohitaji ushindi 16 kufika kwenye Kombe. Katika kelele hizo huoni vizuri nani ni wa nani. Julai unaona.

Mimi jina la kwanza lililonivuta kwenye hoki lilikuwa Oduya. Nilikuwa mgeni Winnipeg, sijui hata mchezaji anaruhusiwa kumgonga mwenzake kiasi gani, nikaliona mgongoni mwa jezi jina ambalo mtu yeyote aliyewahi kupita pande za Ziwa Victoria angelitambua. Johnny Oduya alizaliwa Stockholm mwaka 1981, baba yake Mjaluo kutoka Kenya. Alikuwa beki. Mwaka 2001 Washington ilimchagua akiwa wa 221, nafasi ambayo kwa kawaida hutajwa watu wakiwa wameshaanza kukunja viti, na hakuwahi kuichezea klabu hiyo. Alirudi kucheza Sweden, akaingia NHL mwaka 2006 kupitia New Jersey. Februari 2010 New Jersey ikamtoa yeye na wengine kwenda Atlanta ili impate mfungaji Mrusi, Ilya Kovalchuk. Haikupita miaka miwili klabu yenyewe ya Atlanta ikauzwa, ikahamishwa nzima nzima kwenda Winnipeg, na Oduya akahama nayo. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2011, kiangazi hichohicho ambacho kaka yake Fredrik, naye mchezaji wa hoki, alifariki kwa ajali ya pikipiki.

Tulimwona Winnipeg kwa miezi mitano tu. Mwishoni mwa Februari 2012 alipelekwa Chicago, na badala yake Winnipeg ikapewa haki ya kuchagua vijana wawili mwaka unaofuata. Nilikuwa sijazoea biashara hiyo. Mtu mzima, anayetegemewa, anatolewa kwa ajili ya watoto wawili ambao siku hiyo hawana hata majina. Nilihuzunika sana, na sikuwa na wa kumwambia, maana niliofanya nao kazi walikuwa wameshapiga hesabu na kuona biashara ni nzuri.

Kisha nikamfuata kwa macho. Tarehe 24 Juni 2013, mechi ya sita ya fainali, Boston wako nyumbani na wanaongoza 2–1 zikiwa zimebaki sekunde 76. Chicago wakasawazisha. Sekunde 17 baadaye shuti la Oduya kutoka mbali likaguswa na mwenzake njiani, likagonga mwamba, likadondoka mbele ya Dave Bolland, naye akalisukuma ndani. Kombe likaenda Chicago. Oduya alilipata tena mwaka 2015, na katikati yake, mwaka 2014, alipata medali ya fedha ya Olimpiki ya Sochi akiwa na Sweden. Katika fainali ile Kanada walishinda 3–0, na bao la kwanza lilifungwa na nahodha wake wa Chicago, Jonathan Toews. Jina hilo nitalirudia.

Mpwa wangu alitaka kujua kama huku kwetu nako kuna wanaocheza. Wako, Nairobi. Kwenye hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, kuna kiwanja kidogo cha barafu kilichofunguliwa mwaka 2005, kidogo kiasi kwamba timu haziwezi kucheza kwa idadi kamili. Kutoka humo ikatokea timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 ilipelekwa Kanada, ikavaa jezi kamili na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na Septemba 2024 Kenya ikapokewa uanachama katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Nawaheshimu vijana wale kuliko ninavyoweza kueleza. Wanapanga saa zao kufuata gharama ya barafu ya kukodi, na hakuna timu ya jirani ya kuwajia kucheza. Msimu mrefu kama wa NHL hawajawa nao bado, kwa hiyo hawajui mapumziko ya msimu ni nini. Siku wakiwa na ligi ya namna hiyo ndipo watakapoanza kupata Julai yao.

Nikirudi kwenye swali la kijana: mchezaji haulizwi, na mji nao vilevile hauulizwi. Winnipeg inalijua hilo kwa uchungu. Ilikuwa na klabu yake ya kwanza, Jets, na katikati ya miaka ya 1990, dola ya Kanada ikiwa dhaifu na uwanja ukiwa wa zamani, wenye klabu wakataka kuondoka. Mei 1995 maelfu ya watu walikusanyika mahali panapokutana mito miwili ya mji, watoto wakaja na sarafu walizokuwa wakidunduliza, wakachanga. Walipata msimu mmoja wa nyongeza. Mwaka 1996 klabu ikahamishiwa Phoenix, kwenye jangwa la Arizona, na Winnipeg ikakaa miaka 15 bila timu ya ligi kuu. Ilipotangazwa mwaka 2011 kwamba ya Atlanta inakuja, tiketi 13,000 za msimu mzima ziligombaniwa mpaka zikaisha, kabla hata timu haijapewa jina, lilelile la Jets.

Nilifika nikaikuta furaha hiyo, nikaishiriki. Lakini mtu akiwa mkweli lazima aseme kwamba kilichotufurahisha sisi kilikuwa msiba wa mtu mwingine. Kuna mtoto wa Atlanta aliyelala akiwa na timu na kuamka hana. Na wale Jets wa zamani walioenda Arizona, mwaka 2024 walihamishwa tena, safari hii kwenda Salt Lake City. Watu wa Phoenix waliokuwa wamewalea kwa miaka 28 hawakuulizwa.

Jambo hili nililieleza barazani, na mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa gengi, mwenye miaka mingi ya kupigia reli nyundo kati ya Munisagara na Mzaganza, akasema kwamba yeye haoni ajabu. Kizazi chake kilihamishwa kwenye Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Wengine waliambiwa leo na kesho wakabeba. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, ukabomoa tuta la reli, treni zilikaa miezi haziji, na mji wa Kilosa ukahifadhi watu kwenye mahema. Sasa treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, inapita kwenye mahandaki ya milima hiihii, na stesheni yake iliyo karibu nasi ni Kilosa. Mzee hakulalamika. Alikuwa anaitazama timu ya hoki ya Atlanta na kumwona jirani.

Kisha akaanza kuitaja Reli ya Morogoro, ile iliyoitwa Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyowasumbua Simba na Yanga. Hiyo ndiyo iliyokuwa timu yake. Ilitegemea shirika la reli, shirika lilipolegea, timu ikalegea nayo, na hakuna aliyekuja kijijini kutangaza kwamba imekwisha. Morogoro ina historia nzito kuliko vijana wanavyojua. Mseto walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1975. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, waliuchukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu hapo, robo karne sasa, ubingwa umezunguka Simba na Yanga, ukatoka mara moja tu kwenda Azam mwaka 2014.

Hapa ndipo ninapoutetea utaratibu wa NHL mbele ya mpwa wangu, pamoja na ubaya wake wote. Klabu iliyofanya vibaya zaidi huwa mbele kwenye foleni ya kuchagua vijana. Na kila klabu ina kikomo kimoja cha mishahara. Msimu wa 2025/26 ni dola milioni 95.5, uwe New York au uwe Winnipeg. Mji wetu ni mdogo, baridi yake ya Januari hufika nyuzi 30 chini ya sifuri, na uwanja unaingiza watu 15,000 tu. Pasingekuwa na kikomo hicho, tungekuwa Mtibwa: tungewalea vijana vizuri, kisha kila Julai wakubwa wangekuja kuchuma. Kwa sababu kipo, msimu wa 2024/25 Jets walimaliza wa kwanza katika ligi nzima, pointi 116, jambo ambalo klabu hii haikuwahi kulifanya. Kipa wetu, Connor Hellebuyck, alichaguliwa mchezaji bora wa msimu. Haki hiyo ya miji imelipiwa na kijana wa miaka 18 asiyeulizwa aende wapi. Nimejaribu kuipima mizani hiyo na haijatulia upande mmoja. Mpwa wangu yeye yuko upande wa kijana.

Kuhusu jinsi msimu ulivyokwisha, bado ni vigumu kwangu kuandika. Raundi ya kwanza dhidi ya St. Louis ilifika mechi ya saba, tukasawazisha sekunde za mwisho kabisa, na nahodha Adam Lowry akafunga katika muda wa pili wa nyongeza. Uwanja mzima ulikuwa umevaa nyeupe, desturi ya Winnipeg kila mtoano tangu 1987, na kwa macho yangu ulikuwa kama uwanja wa sala ya Idi. Raundi ya pili walikuja Dallas. Tarehe 17 Mei, mechi ya sita, ugenini, ikatangazwa kwamba baba yake Mark Scheifele amefariki usiku uliopita. Scheifele akacheza. Akafunga bao letu la pekee. Mwishoni, zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 15, mchezaji wa Dallas alikuwa anachomoka peke yake kuelekea golini, Scheifele akamwangusha ili kuokoa bao, akaadhibiwa kwa kutolewa dakika mbili. Muda wa nyongeza ukaanza yeye akiwa amekaa kwenye kibanda cha adhabu, na Dallas wakafunga. Tukatolewa.

Katika hoki, mfululizo wa mtoano ukiisha timu hupanga mistari miwili na kupeana mikono, mtu kwa mtu. Siku ile wachezaji wa Dallas walimkumbatia mmoja mmoja, na wenzake wa Winnipeg nao wakamzunguka. Nimewahi kuwaona wanaume wa huku wakisimama namna hiyo kwenye msiba, hawasemi kitu, wanashikana mabega. Scheifele alichaguliwa na Winnipeg mwaka 2011, kijana wa kwanza kabisa kuitwa na klabu hii mpya. Hakuulizwa. Mwaka 2023 muda wa kuulizwa ulipokaribia, alisaini miaka saba zaidi.

Hellebuyck alisaini siku ileile. Nikolaj Ehlers, Mdenishi, yeye hakufanya hivyo. Alichaguliwa nasi mwaka 2014, akacheza misimu kumi, mtu mwenye mbio ambazo ziliwainua watu vitini hata tukiwa tumefungwa. Julai hii aliulizwa, akajibu Carolina. Wapo Winnipeg waliomtukana. Mimi siwezi. Kama tunasema mchezaji anastahili kuulizwa, lazima tuwe tayari kusikia jibu. Nililisema hilo kwa urahisi barazani mpaka habari za Mohamed Hussein Tshabalala zilipotua: nahodha wa Simba, miaka 11 katika jezi nyekundu, anavuka kwenda Yanga. Mpwa wangu, ambaye wiki zote hizo alikuwa mtetezi wa haki ya mchezaji, alikaa kimya siku nzima. Jioni akasema, "Miaka kumi na moja, mjomba. Angeenda hata Azam." Nilimwelewa kabisa. Kanuni ni yake, na maumivu pia ni yake, wala hakuna sababu ya kumtaka achague kimoja.

Jibu lililonigusa zaidi Julai hii ni la Jonathan Toews. Amezaliwa na kukulia Winnipeg. Chicago walimchagua mwaka 2006, wakamfanya nahodha akiwa na miaka 20, wakachukua Kombe mara tatu naye: 2010, 2013 na 2015, hizo mbili za mwisho pamoja na Oduya. Halafu maradhi. Mwili ulikuwa unashindwa kupumzika, dalili zilizomwandama kwa miaka, mpaka akakaa misimu miwili nje na kwenda hadi India kutafuta tiba. Ana miaka 37. Angeweza kustaafu na heshima zake zote. Angeweza pia kwenda kwenye klabu yenye jua. Amesaini mwaka mmoja Winnipeg, dola milioni mbili, mshahara mdogo kwa mtu wa jina lake. Sijui mwili wake utamruhusu kiasi gani, na naogopa kumwona akiachwa nyuma na vijana. Lakini nimeisoma habari hiyo nikiwa nimekaa nje ya nyumba aliyoijenga baba yangu, na siwezi kujifanya kwamba inanihusu kidogo.

Na shabiki je? Shabiki naye huulizwa, mara moja kwa mwaka, miezi hiihii: utalipa tiketi ya msimu ujao? Zile 13,000 za mwaka 2011 zilikuwa zimeshuka chini ya 10,000 kufikia mwanzoni mwa 2024, na mmoja wa wamiliki, Mark Chipman, akasema wazi kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Mji ukashtuka, maana neno hilo uliwahi kulisikia. Wengi hawakuacha kwa kukosa mapenzi. Maisha yamepanda bei, na tiketi ya mechi 41 za nyumbani ni fedha ya kodi ya nyumba. Mimi hununua kwa kugawana na wenzangu, wanne kwa tiketi mbili, tunapangiana zamu. Mwaka huu nimelipa fungu langu nikiwa hapa, kwa simu, nimesimama karibu na stesheni ambako mtandao unashika vizuri, na mpwa wangu akaniuliza kama ni busara kumlipa mtu anayeweza kuiuza timu bila kukwambia. Nikamjibu kwamba wale watoto wa mwaka 1995 nao walilipa kwa watu wa namna hiyo, na kwamba mji usingeonekana umeitaka timu miaka yote ile 15, isingerudi. Hakuridhika, nami sikumlazimisha.

Mtibwa Sugar, walioshuka daraja mwaka 2024, wamepanda tena na msimu wa 2025/26 wapo Ligi Kuu. Jets wanaanza tarehe 9 Oktoba, nyumbani, na wa kwanza kuja ni walewale Dallas. Ni tarehe ileile ambayo klabu hii ilicheza mechi yake ya kwanza Winnipeg mwaka 2011, tukapigwa 5–1 na Montreal na watu wakaendelea kushangilia. Mechi ikianza jioni ya kule, Munisagara itakuwa usiku wa manane, kwa hiyo mpwa wangu amenitaka nimwandikie ujumbe ikiisha, bila kujali saa, nimwambie Toews amecheza vipi. Nami nimemtaka aniandikie kila Mtibwa wanapocheza.